Mtoto wa Nyumba Mbili

SABATO MCHANA

Fungu la Kukariri: Malaki 4:6.

Katika makanisa mengi kuna mtoto anayekuja darasani Sabato hii na kukosekana Sabato inayofuata. Mwalimu wa watoto anajua sababu, ingawa hakuna anayeitamka. Juma moja mtoto yuko kwa mama, juma jingine yuko kwa baba. Fungu la kukariri analijua nusu. Mchoro aliouanza unamngoja mezani. Mtoto huyo hakufanya kosa lolote, lakini ndiye anayebeba mkoba kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Kanisa hufundisha kwamba ndoa ni agano la maisha yote kati ya mume na mke, na Imani ya Msingi ya 23 inalitamka hilo waziwazi. Fundisho hilo halibadiliki juma hili. Hata hivyo, talaka hutokea, na hutokea hata miongoni mwa washiriki. Inapotokea, watu huuliza haraka maswali mawili: Nani mwenye kosa? Nani ana uhuru wa kuoa au kuolewa tena? Swali la tatu huchelewa: Na watoto je?

Swali la juma hili ni hilo la tatu. Agano la ndoa likivunjika, ni wajibu gani ambao hauvunjiki pamoja nalo? Na wazazi wawili ambao hawaaminiani tena watautimizaje? Siku hizi mahakama, maofisa ustawi wa jamii na wachungaji wengi huwashauri wazazi kuandika mpango wa malezi, yaani makubaliano yanayoeleza mtoto atakaa wapi, nani atalipa nini, na maamuzi yatafanywa vipi.

Ili somo lisibaki hewani, mfano mmoja utafuatwa juma zima. Mama ni mshiriki wa kanisa na anaishi Musoma pamoja na watoto wawili, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 5. Baba anafanya kazi Dodoma na si Mwadventista. Talaka imekwisha kutolewa. Kila mmoja ana maumivu yake, na kila mmoja anawapenda watoto. Mfano huu umebuniwa, lakini wengi watawatambua watu wa namna hii.

JUMAPILI

Walioletwa Baada ya Mjadala wa Talaka

Soma Marko 10:1–16. Mafarisayo walimwuliza Yesu nini? Ni akina nani walioletwa kwake mara baada ya mjadala huo?

Mafarisayo walikuja na swali la sheria: je, mume ana ruhusa kumwacha mkewe? Yesu aliwarudisha kwenye uumbaji, kisha nyumbani akawafafanulia wanafunzi. Mara tu baada ya hayo, katika fungu la 13, watoto wanaletwa ili awaguse. Wanafunzi wanawakemea waliowaleta, na Yesu anachukizwa. Mathayo naye anafuata mpangilio uleule katika sura ya 19: kwanza talaka, kisha watoto.

Wanafunzi hawakuwa watu wakatili. Waliona tu kwamba watu wazima walikuwa na jambo zito la kuzungumza, na watoto wangeweza kusubiri. Hivyo ndivyo inavyotokea pia katika nyumba inayovunjika. Vikao vya ukoo huitwa, Baraza la Usuluhishi hukaa, mashauri husikilizwa, viwanja na mabati huhesabiwa. Mtoto huambiwa akacheze nje. Lakini yeye ndiye ambaye hakula kiapo cha ndoa wala hakutia sahihi hati ya talaka, na bado ataishi na matokeo ya vyote viwili.

Kosa la kwanza katika jambo hili ni kumfanya mtoto kuwa mali. Katika jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, watu husema kwamba aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye watoto. Katika jamii zinazofuata ukoo wa mama, kama Waluguru na Wamakonde, mjomba na upande wa mama ndio wamekuwa na sauti kubwa. Desturi hizi zilikuwa na wema wake, kwa maana zilihakikisha kwamba hakuna mtoto asiye na ukoo. Lakini Zaburi 127:3 inamtaja mwenye watoto kabla ya koo zote mbili: watoto ni urithi utokao kwa Bwana. Mzazi amekabidhiwa mtoto, na aliyekabidhiwa kitu cha mwingine atatoa hesabu.

Hata sheria za nchi zimesogea kuelekea hapo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitaka mahakama iangalie kwanza ustawi wa mtoto, kisha matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kuyatoa, na desturi za jamii yake. Inachukulia kwamba ni vema mtoto aliye chini ya miaka 7 akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa sababu za msingi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka mbele maslahi ya mtoto, na inatambua haki yake ya kumtembelea mzazi asiyeishi naye. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, inawapa mama na baba wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Angalia jinsi jambo hili linavyosemwa: kumwona baba au mama ni haki ya mtoto. Mzazi hana ruhusa ya kuigawa au kuizuia kama zawadi.

Sheria inaweza kuamuru baba alipe na mama afungue mlango. Haiwezi kuamuru moyo. Ndiyo maana fungu la kukariri la juma hili linazungumza juu ya mioyo ya baba kuwaelekea watoto, na mioyo ya watoto kuwaelekea baba zao. Malaki anaiweka kazi hiyo katika siku za mwisho. Watu wanaosema wanangoja ujio wa Bwana hawawezi kuliona kuwa jambo dogo.

Je, katika familia au ukoo wako, ni maneno gani hutumika kueleza mtoto ni wa nani? Maneno hayo yanamsaidia mtoto, au yanamgeuza kuwa mali?

JUMATATU

Rundo la Mawe la Mispa

Soma Mwanzo 31:43–55. Yakobo na Labani walikubaliana nini? Kwa nini walihitaji shahidi?

Watu wengine husita mbele ya mpango ulioandikwa. Wanasema, "Kuandika mpango ni kukubali talaka." Wengine wanasema, "Mkristo hahitaji karatasi. Neno lake linatosha." Hoja zote mbili zinastahili kujibiwa.

Kwa hoja ya kwanza, Yesu mwenyewe alieleza kwamba Musa aliruhusu hati ya talaka kwa sababu ya ugumu wa mioyo (Marko 10:5). Sheria ya Kumbukumbu la Torati 24:1–4 haikuisifu talaka. Iliiwekea mipaka ili aliye dhaifu asitupwe ovyo. Daktari anayefunga jeraha hajaisifu ajali. Vivyo hivyo, mzee wa kanisa anayewasaidia wazazi waliotengana kukubaliana juu ya ada ya shule hajabariki kutengana kwao. Amemsaidia mtoto.

Kwa hoja ya pili, habari ya Mispa ina majibu. Fungu la 49 limekuwa likitumika katika kuagana kwa upendo, kana kwamba lilisemwa na marafiki. Lakini waliolisema walikuwa watu wawili ambao kila mmoja alimwona mwenzake kuwa mdanganyifu. Yakobo alikuwa amekaa miaka 20 katika nyumba ya Labani, na alilalamika kwamba ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Labani alikuwa amekimbiwa bila kuagwa. Nyumba moja ilikuwa inakuwa nyumba mbili, na katikati walikuwapo wanawake na watoto.

Tazama walichofanya. Waliweka alama inayoonekana, rundo la mawe, na kila mmoja akaliita kwa lugha yake. Walikubaliana mpaka: hakuna atakayelivuka rundo kwenda kumdhuru mwenzake. Labani aliweka sharti kwa ajili ya binti zake, kwamba wasiteswe. Kila mmoja aliapa kwa namna ya imani yake, kwa kuwa hata katika imani hawakuwa sawa. Kisha wakala chakula pamoja. Asubuhi Labani aliwabusu wajukuu na binti zake, akawabariki, akarudi kwake.

Biblia haisemi kwamba walianza kupendana, wala kwamba waliishi pamoja tena. Walipata kitu kidogo kuliko upatanisho kamili, lakini kitu hicho kiliokoa maisha. Warumi 12:18 inakiri kwamba amani haitegemei upande mmoja tu, na bado inamdai kila mmoja sehemu iliyo katika uwezo wake. Mpango wa malezi ni rundo la mawe la namna hiyo. Unahitajika zaidi pale ambapo imani kati ya watu wawili imekwisha. Wenye kuaminiana wanaweza kukumbushana kwa maneno. Wasioaminiana wanahitaji kitu cha kutazama wote wawili.

Hata kati ya ndugu wanaopendana, maandishi si dhambi. Yeremia aliponunua shamba kwa Hanameli, mwana wa mjomba wake, aliandika hati, akaitia muhuri mbele ya mashahidi, na akaamuru itunzwe katika chombo cha udongo (Yeremia 32:9–14). Wahenga nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa shamba linastahili hati, mtoto hastahili?

Je, ni kitu gani humzuia mtu kukubali makubaliano yaliyoandikwa na yule aliyemwumiza? Ni kiasi gani cha kizuizi hicho ni hekima, na ni kiasi gani ni kiburi?

JUMANNE

Ndiyo Iwe Ndiyo

Soma Mathayo 5:37 na 1 Timotheo 5:8. Mafungu haya yanamtaka mzazi awe mtu wa namna gani?

Mzazi akisema, "Nitakuja kuwachukua mwezi ujao," na asije, mtoto wa miaka 5 hajui lawama za usafiri wala za mwajiri. Anajua kwamba alikaa mlangoni na viatu vyake. "Ndiyo" ya mzazi ndiyo "ndiyo" ya kwanza ambayo mtoto hujifunza kuiamini, kabla hajafundishwa kuiamini ahadi ya Mungu. Kwa hiyo mpango mzuri huahidi machache na kuyatimiza.

Ratiba. Musoma na Dodoma ni mbali. Kutembeleana kila mwisho wa juma hakuwezekani, na kuandika jambo lisilowezekana ni kuandaa uongo. Likizo za Juni na Desemba zinafaa zaidi. Wazazi waandike tarehe, nani atamsindikiza mvulana kwenye basi, nani atalipa nauli, na nini kitafanyika mmoja akipata dharura. Kwa wanaoishi mji mmoja, mwisho wa juma unaweza kufaa, na hapo ndipo swali la Sabato litakapojitokeza. Hilo ni somo la kesho.

Fedha. Kwa Sheria ya Ndoa, baba ana wajibu wa kumtunza mtoto kwa chakula, mavazi, makazi na elimu, hata kama mtoto anakaa na mama. Mtume Paulo anatumia maneno makali zaidi kuliko sheria: asiyewatunza walio wake ameikana imani. Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu fedha haina kumbukumbu. Leo kutuma kwa simu kumerahisisha jambo hili, kwa sababu kila muamala una ujumbe wake na tarehe yake. Ada inaweza kulipwa moja kwa moja katika akaunti ya shule. Mpango utaje pia vile vitu vidogo vinavyosahauliwa: sare, madaftari, michango ya shule, nauli, pedi za binti anayekua. Na utaje jambo moja la haki: mtoto asizuiwe kumwona baba kwa sababu fedha imechelewa, wala baba asizuie fedha kwa sababu hakumwona mtoto. Chakula na upendo havibadilishwi kama bidhaa sokoni.

Simu na mitandao. Wazazi wa kizazi kilichopita hawakulazimika kujadili jambo hili. Binti wa miaka 11 anataka simu. Baba amemnunulia, mama hataki. Nyumba moja ina kanuni, nyingine haina, na mtoto hujifunza upesi kuomba ruhusa kule inakopatikana kwa urahisi. Mitandao mikubwa kama Facebook, Instagram na TikTok yenyewe huweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kufungua akaunti. Wazazi wakubaliane: simu itatolewa katika umri gani, itakaa wapi usiku, nani anajua nywila. Wakubaliane pia juu ya picha. Mzazi anayemweka mtoto kwenye hadhi ya WhatsApp akiwa na maneno ya kumchoma mzazi mwenzake amemtumia mtoto kama jiwe la kurushia. Picha hiyo itabaki kwenye simu za watu wengi baada ya hasira kupoa.

Simu hiyohiyo inaweza kuwa baraka. Mtoto aliye mbali anaweza kumwona baba yake kwa video mara mbili kwa juma, kwa saa iliyopangwa, bila mtu kusimama nyuma yake akisikiliza kila neno.

Hati na afya. Nani atatunza cheti cha kuzaliwa na kadi ya bima? Nani ataamua kuhusu upasuaji au kubadili shule? Nani ataruhusu mtoto kuvuka mpaka wa nchi? Mambo haya huonekana madogo hadi usiku ambao mtoto ni mgonjwa na kadi iko mkoa mwingine.

Hakuna mpango unaodumu miaka yote. Wa miaka 5 atakuwa na miaka 12. Wazazi waweke siku moja kila mwaka ya kuupitia upya, na kutaja mtu mmoja anayeaminiwa na pande zote mbili watakayemwendea wakishindwana, kabla ya kurudi mahakamani.

Kati ya mambo haya, ni lipi ambalo washiriki wa kanisa lako wangeweza kuwasaidia wazazi kwa vitendo?

JUMATANO

Malango ya Nyumba Nyingine

Soma Kutoka 20:8–12 na Marko 7:9–13. Amri ya nne na ya tano zinakutanaje katika maisha ya mtoto wa nyumba mbili?

Hapa ndipo penye swali gumu kuliko yote kwa mzazi Mwadventista. Tuseme baba amehamia Musoma. Anafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na anaomba kuwa na watoto Jumamosi na Jumapili mara mbili kwa mwezi. Mama anafikiri: watakosa Shule ya Sabato, watakosa Watafuta Njia, watakaa mbele ya televisheni saa takatifu. Anajiuliza kama akikubali atakuwa ameivunja Sabato kwa mikono ya watoto wake. Hofu yake si ya kuchekwa. Amri yenyewe inamtaja mwana na binti.

Lakini amri inataja pia malango. Inamfanya mwenye nyumba kuwajibika kwa walio ndani ya malango yake. Mama ana mamlaka kamili mbele za Mungu juu ya Sabato ya nyumba yake, na hapaswi kuilegeza. Nyumba ya baba ina malango mengine. Huko mama anaweza kuomba, kushauriana na kusali. Hawezi kutawala, na Mungu hatamdai hesabu ya malango ambayo hakukabidhiwa.

Kisha inakuja amri ya tano. Haisemi, "Waheshimu baba yako na mama yako iwapo wanakaa nyumba moja," wala, "iwapo wote wawili wanatunza Sabato." Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliotumia jambo takatifu, korbani, kuwanyima wazazi haki yao. Sadaka kwa Mungu haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kuitumia kama kufuli. Mzazi anayeifanya Sabato kuwa sababu ya kumfungia baba mlango kabisa ajiulize kwa unyofu: Je, ninailinda Sabato, au ninaitumia? Maana mtoto aliyenyimwa baba kwa jina la Sabato anaweza kukua akiichukia Sabato.

Hilo halimaanishi mama akae kimya. Kuna mengi ya kuomba katika mpango. Makabidhiano yasifanyike jua linapozama Ijumaa, ili mwanzo wa Sabato usiwe saa ya ugomvi barabarani. Likizo zitumike zaidi ili miisho ya juma isibebe mzigo wote. Baba aombwe awapeleke watoto kanisani asubuhi, au amruhusu bibi au mshiriki jirani kuwachukua na kuwarudisha adhuhuri. Chakula kisichoruhusiwa na imani ya watoto kisiwe mzaha wala mtego. Ubatizo, mtoto atakapouomba, usifichwe kwa mzazi mwingine kama siri ya ushindi. Baba wengi wasioamini hukubali mambo haya yakiombwa kwa heshima, na huyakataa yakitolewa kama amri.

Baba naye anadaiwa haki. Akijua kwamba binti yake anapenda Sabato, kumpangia mambo ya kumvunja moyo saa hizo ili kumkomoa mama ni kumpiga mtoto. Waefeso 6:4 inamkataza baba kuwachokoza watoto wake. Binti wa miaka 11 ana maoni yake mwenyewe, na sheria ya nchi inataka asikilizwe. Wazazi wamuulize, bila kumshurutisha achague upande.

Washiriki waaminifu hawatakubaliana wote mahali mpaka huu unapopita. Wengine watasema hakuna saa ya Sabato ya kukabidhi kwa mzazi asiyeitunza. Wanapaswa kueleza basi, baba mwenye kazi ya juma zima atawalea watoto wake lini. Wengine watasema uhusiano na baba unatangulia kila kitu. Wanapaswa kueleza jinsi imani itakavyomfikia mtoto asiyekutana na kanisa. Timotheo ni faraja kwa wote. Baba yake alikuwa Myunani (Matendo 16:1), na imani ilimfikia kupitia bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Mama anayeifanya Sabato ya nyumba yake kuwa siku ya furaha, yenye nyimbo, chakula kizuri na subira, anapanda mbegu inayoweza kuvumilia Jumamosi kadhaa katika nyumba nyingine.

Kama ungekuwa mshauri wa mama huyu, ungemshauri aombe nini, akubali nini, na asikubali nini? Kwa nini?

ALHAMISI

Upanga wa Sulemani

Soma 1 Wafalme 3:16–28. Ni nini kilichomtambulisha mama wa kweli?

Mama wa kweli alijulikana kwa sababu alikuwa tayari kushindwa kesi. Alidai haki yake mpaka pale ambapo kuidai kungemwua mtoto. Yule mwingine aliona heri mtoto agawanywe, wote wawili wakose.

Watoto wa leo hawagawanywi kwa upanga wa chuma. Hugawanywa kwa maneno. "Nenda kamwambie baba yako." "Mama yako anakaa na nani siku hizi?" "Umefanana na baba yako, huna maana." Mtoto anayetumwa ujumbe wa ugomvi amefanywa mjumbe katika vita. Anayeulizwa habari za nyumba ya pili amefanywa mpelelezi. Anayesikia mzazi wake akitukanwa anaambiwa kwamba nusu ya damu yake ni mbaya. Zaidi ya hayo, amri ya tano inamdai amheshimu mzazi huyo, na anayemtukana mbele yake anamfundisha kuivunja. Yakobo 3:5–6 inaulinganisha ulimi na moto. Mpango uandike basi hata jambo hili: ujumbe kati ya wazazi utapita kwa wazazi wenyewe, kwa maandishi mafupi yasiyo na matusi.

Baba au mama wa kambo akiingia, suala linakuwa zito zaidi. Ni busara wazazi wakubaliane nani ana mamlaka ya kuadhibu, mtoto atamwitaje mtu huyo, na kwamba hatalazimishwa kumwita "mama" au "baba" kwa siku moja. Babu na bibi wa pande zote mbili wasisahauliwe. Hawakutalikiana na wajukuu wao.

Lakini somo hili lina mpaka, na usipotajwa linaweza kumdhuru mtu. Mama wa kweli mbele ya Sulemani aliacha dai lake ili mtoto aishi. Habari hiyo isitumike kumshurutisha mzazi kumpeleka mtoto mahali pasipo salama. Palipo na kipigo, unyanyasaji wa kingono, au ulevi unaohatarisha maisha, amani ya karatasi haitoshi. Labani na Yakobo waliweka rundo ili mtu asidhuriwe. Palipo na madhara, rundo limekwisha kuvukwa. Jambo hilo ni la Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, la ofisa ustawi wa jamii, na la mahakama. Nchini Tanzania na Kenya pia mtoto au mtu mzima anaweza kupiga simu ya msaada kwa watoto, namba 116. Baraza la kanisa lisilimalize jambo la namna hiyo kwa maombi na ahadi za mdomo, wala lisimwombe aliyeumizwa anyamaze ili kulinda jina la kanisa. Mtoto anaweza kuonana na mzazi wa namna hiyo chini ya uangalizi, kama mahakama itakavyoamua, au asionane naye kabisa.

Kwa wengine wote, swali la Sulemani linabaki. Unapodai haki yako, je, upanga uko juu ya nani?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Mwanzo 21:8–21, kisha Mwanzo 25:7–10.

Ibrahimu aliamka asubuhi, akampa Hajiri mkate na kiriba cha maji, akamwaga pamoja na mtoto. Maji yakaisha nyikani. Mzazi mwenye mali nyingi alimtoa mwanawe na akiba ya siku chache. Mungu alikuwa ameahidi kumtunza Ishmaeli, naye akatimiza. Fungu la 17 linasema kwamba Mungu alisikia sauti ya kijana. Mama alikuwa akilia, lakini sauti inayotajwa kwamba ilisikiwa ni ya mtoto.

Miaka mingi baadaye Ibrahimu alikufa, na Biblia inasema kwamba Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja katika pango la Makpela. Haisemi walizungumza nini, wala nani alimtumia mwenzake habari za msiba. Inasema tu kwamba mwana aliyefukuzwa alikuja kumzika baba yake, na kwamba ndugu wawili waliotenganishwa na ugomvi wa wakubwa walisimama upande kwa upande.

Wazazi waliotalikiana hawajui siku ya aina hiyo itakuja lini: mahafali, ubatizo, harusi, msiba. Watoto watasimama katikati na kutazama pande zote mbili. Yanayoandikwa leo juu ya nauli, ada, simu na likizo yanaamua kwa sehemu kama siku hiyo watoto watakuwa na pande mbili za kukimbilia, au pande mbili za kuogopa.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, kanisa linaweza kuitetea ndoa kwa uthabiti na wakati huohuo kuwasaidia wazazi waliotalikiana kuandika mpango wa malezi? Onyesheni kutoka Marko 10 jinsi Yesu alivyoyashikilia yote mawili.

2. Rudieni swali la Jumatano. Wale wasiokubaliana darasani waeleze kila mmoja hoja ya mwenzake kwanza, mpaka mwenzake aseme, "Ndivyo ninavyomaanisha," ndipo waijibu.

3. Mzazi mmoja anakataa kabisa kuandika wala kuzungumza. Kwa mujibu wa Warumi 12:18, yule mwingine bado anadaiwa nini? Ni wakati gani inampasa kwenda mahakamani bila kujiona kuwa ameikosea imani?

4. Yupo mtoto katika Shule yenu ya Sabato anayekuja Sabato moja na kukosa nyingine? Mwalimu, mzee wa kanisa na Idara ya Huduma za Familia wafanye nini ili asijione mgeni anaporudi? Taja jambo moja linaloweza kuanza Sabato ijayo.

5. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatachukua uovu wa baba yake. Ni kwa njia zipi, bila kukusudia, kusanyiko huwabebesha watoto lawama ya talaka ya wazazi wao?